NDEGE NYEMBAMBA ZA SAFARI NDEFU: SISI WA HOMA BAY NA MIGORI TUDAI NINI?



Huenda wako watakaouliza: watu wa reli wana haja gani na mambo ya ndege? Tunajibu kwamba haja tunayo, tena kwa sababu tatu.

Ya kwanza, reli na ndege zililelewa nyumba moja. Mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli na shirika la ndege lililoitwa East African Airways yote mawili yalikuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Ya pili, kwetu Homa Bay na Migori reli haikufika. Ilifika Kisumu mwaka 1901, na wazee wetu wakawa wanaifuata huko kwa meli za reli zilizotia nanga Kendu Bay na Homa Bay. Ya tatu, na ndiyo kubwa, watoto wetu siku hizi wanakwenda kutafuta kazi Dubai, Doha, Riyadh na Muscat. Huko hakuendwi kwa gari la moshi.

Sasa imekuja aina ya ndege inayobadilisha hesabu za safari za namna hiyo duniani kote. Maoni yetu ni haya: ndege hiyo inaweza kuwafaa watu wa upande wa ziwa kama tutaidai mahali panapofaa, yaani Kisumu, wala si kwa kugombania uwanja mkubwa katika kila kaunti. Na tukiidai, tusisahau kwamba ndege hiyo hiyo inaweza kumwongezea mfanyakazi mzigo. Yafaa tufahamu pande zote mbili kabla ya kupiga makofi.

NDEGE HIZI NI ZIPI?

Ndege kubwa za abiria ni za namna mbili. Ziko za mwili mpana, zenye njia mbili za kupita kati ya viti, kama Boeing 777 na Boeing 787. Ziko za mwili mwembamba, zenye njia moja tu katikati, viti vitatu huku na vitatu huko, kama Boeing 737 na Airbus A320. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kwamba ndege pana inakwenda mbali, nyembamba inakwenda karibu.

Lakini hapo zamani haikuwa hivyo, na sisi wa Afrika Mashariki ni mashahidi. East African Airways ilianza kutumia Comet 4 mwaka 1960 kwa safari za London, na mwaka 1966 ikapata Super VC10. Zote mbili zilikuwa na njia moja tu katikati. Tena VC10 iliundwa kwa kufikiria viwanja kama vya kwetu. Nairobi iko juu, uwanja wa Embakasi ni zaidi ya meta 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, na kukiwa na jua kali inazidi kuwa nyepesi. Bawa halipati hewa ya kutosha kulishika, wala injini haipati nguvu yake yote, hivyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka, au kupunguza mzigo. VC10 ilipewa injini nne zenye nguvu kwa ajili hiyo. Ubaya wake ni kwamba ilikunywa mafuta mengi.

Mwaka 1970 Boeing 747 ikaanza kazi, na ndege pana zikachukua safari ndefu. Sasa gurudumu limezunguka. Kampuni ya Airbus imetoa ndege nyembamba iitwayo A321LR, iliyoanza kazi mwaka 2018, iwezayo kwenda kiasi cha kilometa 7,400. Ndugu yake A321XLR ilianza kazi Novemba 2024 kwa kampuni ya Iberia ya Hispania, kati ya Madrid na Boston, na uwezo wake ni kiasi cha kilometa 8,700. Injini zake ni mbili tu. Siri yake ni injini zinazotumia mafuta machache na tangi kubwa la ziada nyuma, lenye lita 12,900. Kwa mtu wa reli jambo hili si gumu. Ni kama injini ya mvuke iliyofungiwa tenda kubwa la maji ili ipite stesheni kavu bila kusimama.

HESABU YA KARANI

Kwa nini matajiri wa ndege wanazipenda? Tufanye hesabu ndogo. Tuseme kati ya mji na mji kuna abiria 150 kila siku. Mwenye ndege pana ya watu 300 ana njia mbili. Akiruka kila siku, nusu ya viti ni vitupu, na mafuta ya kubeba viti vitupu analipa yeye. Akiruka siku moja na kuacha moja, viti vinajaa, lakini abiria mwenye haraka atapanda ya mwenzake. Mwenye ndege nyembamba ya watu 180 anaruka kila siku, viti vingi vina watu, na ada za kutua ni ndogo kwa sababu viwanja vingi hutoza kwa uzito.

Reli ilijua jambo hili zamani. Injini za Garratt za aina ya 59, ambazo moja bado inaonekana katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, zilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250, na zilivuta mizigo mizito kati ya Mombasa na Nairobi. Hakuna aliyezipeleka kwenye njia ndogo zenye reli nyepesi kuvuta mabehewa mawili. Njia ndogo zilipewa injini ndogo. Chombo hufuata mzigo, mzigo haufuati chombo.

NAMNA TATU ZA KUZITUMIA

Kwa kadiri tuonavyo, kampuni za ndege huzitumia ndege hizi kwa namna tatu.

Namna ya kwanza ni kuufikia mji wa pili. Mfano uko hapa kwetu. Emirates ya Dubai huleta ndege pana Nairobi, ambako abiria na mizigo ni mingi. Mombasa haikuwa na abiria wa kujaza ndege pana kutoka Dubai. Januari 2024 flydubai, ambayo nayo ni mali ya serikali ya Dubai, ikaanza kuja Mombasa kwa Boeing 737, mara nne kwa wiki. Mtu wa Mombasa akifika Dubai anaweza kuendelea mbele kwa ndege pana za Emirates, maana kampuni hizo mbili zinashirikiana. Nyembamba inakusanya, pana inasomba.

Namna ya pili ni kufungua njia mpya baina ya miji miwili bila kupitia mji mkubwa. Aer Lingus ya Ireland ilifanya hivyo mwaka 2025, ikatoka Dublin hadi Nashville na Indianapolis huko Marekani kwa A321XLR. Miji hiyo si New York.  Hata Nairobi iliona jambo la namna hii Agosti 2023, kampuni ya IndiGo ya India ilipoanza safari kutoka Mumbai kwa ndege nyembamba, mwendo wa kiasi cha kilometa 4,500.

Namna ya tatu ni kubadilisha chombo kwa majira. Wakati wa abiria wengi njia inapewa ndege pana, wakati wa abiria wachache inapewa nyembamba, ili njia isifungwe. Hii ni sawa na reli kupunguza mabehewa badala ya kufuta treni.

Lakini kila dawa ina uchungu wake. Ndege iliyojaza mafuta ya safari ndefu haiwezi tena kujaza watu na mizigo yote, maana uzito una mpaka. Upepo wa mbele ukizidi, au kiwanja kikiwa cha juu na chenye joto, mizigo ndiyo inayoachwa kwanza. Tena tumbo la ndege nyembamba ni dogo. Mahali ndege pana inapoondolewa, mwenye kusafirisha minofu ya mbuta au maua hupoteza nafasi, hata kama abiria hawakuona tofauti yoyote.

KISUMU NA DUBAI

Sasa tuje nyumbani. Kutoka Mombasa hadi Dubai kwa njia ya anga ni kiasi cha kilometa 3,700. Kutoka Kisumu hadi Dubai ni kiasi cha kilometa 3,600. Soma tena hesabu hiyo, ndugu. Kisumu haiko mbali na Dubai kuliko Mombasa. Wala haihitajiki XLR yenye tangi la ziada. Boeing 737 ile ile iendayo Mombasa inaweza mwendo huo. Kisumu iko juu, kwa kuwa ziwa lenyewe ni zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, lakini si juu kama Nairobi. Njia ya kurukia ilirefushwa, na uwanja ukapata jengo jipya mwaka 2011. Njia hiyo sasa ina zaidi ya kilometa 3. Uwanja unaitwa wa kimataifa, lakini ndege nyingi zinazotua hapo zinatoka Nairobi na kurudi Nairobi.

Kwa hiyo msichana wa Ndhiwa au kijana wa Rongo aliyepata kazi Ghuba anafanya nini? Anapanda basi la usiku hadi Nairobi. Akifika alfajiri anatafuta jamaa wa kumlaza, au analipa chumba. Analipa gari la kumpeleka Embakasi. Akirudi baada ya miaka miwili, na sanduku zake, ni vivyo hivyo. Mara nyingi fedha hizo zimetoka kwa ng'ombe aliyeuzwa au kwa mkopo wa riba. Kutoka Migori kupita Rongo, Kisii na Oyugis mpaka Kisumu ni karibu kilometa 180 za lami. Kutoka Homa Bay ni karibu zaidi. Mtu angetoka nyumbani asubuhi akaondoka siku hiyo hiyo.

Wengine wanasema dawa ni kupanua Kabunde pale Homa Bay, na Lichota pale Migori, ziwe viwanja vya ndege za jeti. Twasema hapana, na si kwa kudharau kwetu. Viwanja hivyo vina kazi yao. Migori kwa mfano imekuwa kiungo cha watalii: wanatoka Maasai Mara kwa ndege ndogo, wanatua Migori, wanavuka mpaka wa Isebania kwa gari mpaka Tarime, kisha wanapanda ndege nyingine kwenda Serengeti. Hiyo ni kazi nzuri, na inafaa ndege ndogo za propela. Vilevile mgonjwa mahututi anaweza kuchukuliwa na ndege ya namna hiyo. Lakini kujenga njia ya kilometa 3 Homa Bay, nyingine Migori na nyingine Kisii, ni kugawanya abiria wachache mafungu matatu, mwishowe asipatikane wa kujaza hata ndege moja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kiwe kimoja. Watu wa Homa Bay, Migori, Kisii, Nyamira, Siaya, Busia, Vihiga na Kakamega wakikusanywa Kisumu, hapo kuna hesabu ya kumwonyesha mwenye ndege.

Fedha ambazo zingemwagwa kwenye viwanja vitupu zitengeneze barabara za kutoka Nyatike, Mbita na Kuria, na meli za ziwa. Treni ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu ilirudi Desemba 2021 baada ya kukaa miaka mingi bila kuonekana. Kama treni, meli na matatu vyote vinakutana Kisumu, ndege nayo ikutane navyo hapo.

Liko jambo moja la kuongeza. Ndege ya nchi nyingine haitui popote inapotaka. Serikali hupatana na serikali kuhusu miji gani itafikiwa na mara ngapi kwa wiki. Kwa hiyo hili si la mwenye ndege peke yake. Wabunge wetu wana mdomo wa kuliuliza katika Bunge.

MGONGO WA MFANYAKAZI

Hapa ndipo chama cha wafanyakazi kinapopaswa kusema kwa sauti, maana katika magazeti ya biashara sehemu hii huachwa.

Ndege pana hupakiwa kwa makontena. Mashine inainua, mashine inasukuma ndani. Boeing 737 hupakiwa kwa mikono, sanduku moja moja. Tumbo lake ni fupi, mtu mzima hawezi kusimama ndani. Mpakiaji hupiga magoti au huinama, akalivuta sanduku la kilo 23 au 30, akalipanga, akalivuta lingine, mpaka ndege ijae. Airbus A321 inaweza kupokea makontena madogo, lakini ni pale tu mwenye ndege alipokubali kununua vifaa vyake. Basi ndege nyembamba ikichukua njia ya safari ndefu, ambayo abiria wake wana mizigo mingi, kazi iliyofanywa na mashine inarudi mgongoni mwa mtu. Na kwa kuwa faida ya ndege hizi ni kuruka mara nyingi, dakika za kupakia zinapunguzwa. Mgongo hauna vipuri.

Wahudumu wa ndani nao wana shida yao. Katika ndege pana za safari ndefu kuna vitanda vya wafanyakazi kupumzika kwa zamu. Katika ndege nyembamba nafasi ni haba, na mara nyingi wanapewa viti tu. Sheria za Ulaya na Marekani zinataka angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na tajiri hupenda kusimama pale pale kwenye angalau. Wahudumu wanne kwa watu 180 kwa saa mbili si sawa na wanne kwa saa nane.

Jambo zito kuliko yote ni usalama. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 737 MAX, ilianguka karibu na Addis Ababa ikija Nairobi. Watu 157 walikufa, na Wakenya walikuwa wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote. Miezi mitano kabla yake, Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Boeing 737 ilianza kuruka mwaka 1967. Ili iende mbali kwa mafuta machache, ilifungwa injini kubwa zaidi, na kwa sababu ya injini hizo ikawekewa chombo cha kusukuma pua chini chenyewe. Marubani hawakuelezwa chombo hicho katika vitabu vyao, na ndege ikauzwa kwa sifa kwamba rubani wa 737 ya zamani hahitaji mafunzo ya gharama kubwa. Ndege hizo zilizuiwa kuruka duniani tangu Machi 2019, Marekani ikaziruhusu tena Novemba 2020 baada ya kurekebishwa na marubani kupewa mafunzo mapya. Hatusemi leo watu waogope kuzipanda. Tunasema kwamba palipookolewa fedha za mafunzo ya mfanyakazi, abiria ndiye aliyelipa.

Wenzetu wa viwanja vya ndege walikwisha onyesha kwamba mfanyakazi anaweza kusikilizwa. Tarehe 11 Septemba 2024 waliacha kazi Nairobi kwa sababu ya mpango wa kuukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani ya India. Novemba mwaka huo huo serikali ikaufuta mpango huo.  Walikuwa wafanyakazi waliouliza: kazi yetu itakuwaje?

MADAI YETU

Kwa hayo yote tunaona matawi yetu yadai mambo manne:

1. Serikali iombe na itoe ruhusa ya safari za Ghuba kutoka Kisumu, hata kama ni mara mbili au tatu kwa wiki mwanzoni.

2. Kabunde na Lichota vitunzwe vizuri kwa ndege ndogo, na fedha za ndoto za jeti ziende kwenye barabara na meli.

3. Kampuni yoyote itakayoleta ndege nyembamba kwa safari ndefu iweke mikanda ya kupakilia ndani ya tumbo la ndege au makontena, na itaje kwa maandishi idadi ya wapakiaji kwa kila ndege.

4. Saa za kazi na za kupumzika za wahudumu na marubani zihesabiwe kwa urefu wa safari, si kwa upana wa ndege.

Tena kuna kazi tunayoweza kuianza wenyewe bila kungoja mtu. Kila mwanachama ahesabu, katika ukoo wake na jirani zake, ni watu wangapi walikwenda Ghuba au kurudi katika miezi kumi na miwili iliyopita, wa Homa Bay wangapi, wa Migori wangapi, na kila mmoja alitumia shilingi ngapi kutoka nyumbani mpaka Embakasi. Majina hayahitajiki. Hesabu ipewe katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao. Mwenye ndege haji kwa machozi, huja kwa hesabu, na hesabu hiyo hakuna aliyeiandika bado.

Sisi wenzenu katika kazi.